Jibu la Mtihani Gani?

Leo nataka kuwasimulia kosa nililolifanya mimi mwenyewe, tena nililifanya darasani, mbele ya watoto. Nalisimulia kwa kuwa nadhani si mimi peke yangu niliyelifanya. Tena kosa lenyewe lina historia ndefu, iliyoanza mbali na hapa kabla hatujazaliwa.

Miaka michache iliyopita nilikwenda katika shule moja ya sekondari kufundisha kipindi cha dini. Nyote mwajua desturi ya nchi yetu. Zamani shule nyingi zilikuwa za misioni, na mara nyingi aliyefundisha hesabu na historia ndiye aliyefundisha katekisimu. Kisha Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ikazifanya shule nyingi za namna hiyo kuwa mali ya umma. Tangu hapo masomo ni ya serikali, nasi watu wa dini hupewa saa yetu, kila kundi na mwalimu wake.

Siku ile nilikusudia kufundisha sura za kwanza za kitabu cha Mwanzo. Nilipoingia nikakuta ubao haujafutwa. Mwalimu wa historia alikuwa ametoka punde tu, na picha yake ya chaki ilikuwa ingali pale: viumbe watano wamepangwa mstari mmoja. Wa kwanza ameinama kama nyani, wa pili ameinuka kidogo, hata wa mwisho amesimama wima, naye ni mtu kama sisi, mkononi ana mkuki.

Nikashika kifutio. Kabla sijafuta, kijana mmoja aliyekuwa akijiandaa kwa ubatizo akainua mkono, akasema, "Mwalimu, usifute kwanza. Mtihani ukija, tuandike hii ya ubaoni au ile ya kwako?"

Darasa lote likanyamaza kimya. Nami, kwa kuwa sikuwa na jibu, wala sikutaka waone kwamba sina, nikasema, "Kwenye mtihani wa historia andika anavyotaka mwalimu wa historia. Hapa kwangu sema ninavyokufundisha mimi." Watoto wakacheka kwa raha. Nikafuta ubao, nikadhani nimejibu kwa busara.

Baada ya majuma kadhaa tuliwajaribu wale waliotaka kubatizwa. Kila mmoja aliitwa peke yake na kuulizwa maswali ya katekisimu. Zamu ya kijana yule ilipofika, nikamwuliza swali ambalo hata watoto wadogo hulijibu: ni nani aliyekuumba? Akanitazama, wala hakuwa na dhihaka usoni. Akaniuliza kwa adabu, "Mwalimu, nijibu jibu la mtihani gani?"

Ndugu zangu, neno lile lilinichoma. Nilikuwa nimemfundisha kwamba kweli ni mbili, moja ya shuleni na moja ya kanisani, na kwamba mwerevu ni yule ajuaye ipi aiseme wapi. Nilimpa ndimi mbili, kisha nikawa namwandaa kwa ubatizo. Nikamwambia anipe muda. Nikaenda kwa padre, nikaenda kwa mwalimu wa historia, nikasoma nilichoweza kusoma. Haya ndiyo niliyoyapata.

KESI YA DAYTON

Ugomvi huu ulipata sifa duniani kote mwaka 1925, huko Marekani, katika jimbo la Tennessee. Mwezi Machi mwaka ule jimbo lilitunga sheria ya kuwakataza walimu wa shule za umma kufundisha kwamba mtu ametokana na wanyama wa chini, kinyume cha habari ya uumbaji iliyomo katika Biblia. Mafundisho yaliyokatazwa ndiyo yaitwayo mageuko ya viumbe, ambayo Mwingereza Charles Darwin aliyaeleza katika kitabu chake cha mwaka 1859. Mwalimu aliyevunja sheria hiyo alitozwa faini isiyopungua dola 100.

Katika jimbo hilo upo mji mdogo uitwao Dayton. Nasi watu wa Segese tungeuelewa upesi, kwa maana ulikuwa mji wa machimbo, makaa ya mawe na chuma, na machimbo yale yalikuwa yamefifia na fedha imepungua. Chama kimoja cha kutetea haki za raia kilikuwa kimetangaza kwamba kitamsaidia mwalimu yeyote atakayekubali kuipima sheria ile mahakamani. Wakubwa wachache wa Dayton wakakutana katika duka la dawa, miongoni mwao meneja wa machimbo, wakaona kwamba kesi ya namna hiyo ingeuletea mji wao wageni na jina. Wakamwita mwalimu kijana, John Scopes, mwenye umri wa miaka 24, aliyefundisha pia mpira, wakamwuliza kama yu tayari kushtakiwa. Akakubali. Wala hakuwa na hakika kwamba aliwahi kulifundisha somo lile. Alikuwa amemshikia tu nafasi mwalimu wa elimu ya viumbe alipokuwa mgonjwa.

Kesi ilianza tarehe 10 Julai 1925. Wageni na waandishi wa magazeti wakafurika. Redio ya Chicago ikaitangaza kesi moja kwa moja. Wachuuzi wakauza vyakula na vinyago vya nyani, na sokwe aliyevishwa nguo akaletwa mjini ili watu wamcheke. Hivyo jambo la kumhusu Mungu na mwanadamu likageuzwa kuwa mnada.

Upande wa mashtaka alisimama William Jennings Bryan, aliyewahi kugombea urais wa Marekani mara tatu. Upande wa Scopes alisimama wakili mashuhuri Clarence Darrow, asiyeshika dini yoyote. Tarehe 20 Julai Darrow alimwita Bryan mwenyewe awe shahidi wa Biblia, wakaketi nje uwanjani chini ya miti, umati ukiwasikiliza. Akamwuliza habari za Yona na samaki, na za jua lililosimama siku za Yoshua, na mke wa Kaini alitoka wapi. Alipoulizwa juu ya siku za uumbaji, Bryan alikiri kwamba huenda hazikuwa siku za saa 24. Waliomchukia wakashangilia, na wengi wa waliompenda wakafadhaika.

Kesho yake wazee 12 wa mahakama walitoka kushauriana, wakarudi baada ya dakika chache tu: Scopes ana hatia. Hakimu akamtoza dola 100. Siku tano baadaye Bryan akafa usingizini mjini humo humo. Mwaka 1927 mahakama kuu ya jimbo ikaitangua hukumu, si kwa sababu ya haki ya jambo lenyewe, bali kwa sababu faini ilikatwa na hakimu badala ya wale wazee. Sheria yenyewe ikabaki hata mwaka 1967.

KITABU CHENYEWE KILISEMAJE?

Wengi husimulia kesi hii kana kwamba upande mmoja walikuwa wajinga na upande wa pili wenye nuru. Mimi naona haikuwa hivyo, na sisi Waafrika tuna sababu ya kuitazama kwa makini zaidi.

Kitabu alichokitumia Scopes kilitungwa na George William Hunter na kupigwa chapa mwaka 1914. Ajabu ni kwamba jimbo lenyewe ndilo lililokuwa limekiidhinisha kwa shule zake. Kitabu kile kilifundisha mageuko ya viumbe. Lakini humo humo kiliwagawa wanadamu katika mataifa matano na kuwaweka watu weupe juu ya wote. Tena kilizungumza juu ya watu wenye akili dhaifu kana kwamba ni mzigo uliofaa kuzuiwa usizaane. Basi mtoto aliyesoma kurasa zile alipewa mambo mawili katika kikapu kimoja: elimu ya viumbe, na dharau kwa wanadamu wenzake. Kesi ya Dayton haikuwa juu ya dharau ile. Siku zile shule za Tennessee ziliwatenga watoto weusi na weupe, na jambo hilo halikumpeleka mwalimu yeyote mbele ya hakimu mwaka ule.

Bryan naye tumwelewe. Aliogopa kwamba watu wakifundishwa kwamba mwenye nguvu humshinda mnyonge na ndivyo maisha yanavyosonga mbele, watamkanyaga mnyonge na kusema ni sheria ya dunia. Alikuwa ameviona vita vikuu vya mwaka 1914 hata 1918. Hofu yake haikuwa ya mpumbavu. Bali kosa lake, nijuavyo mimi, lilikuwa kudhani kwamba sheria ya serikali yaweza kuufungia mlango mfupa uliomo ardhini.

Na je, sheria ilishinda? Baada ya kesi, wachapishaji wa vitabu waliogopa kupoteza wanunuzi. Kitabu kile cha Hunter kilitengenezwa upya mwaka 1926, na neno la mageuko likaondolewa. Vitabu vingi vikafuata njia hiyo kwa zaidi ya miaka 30. Walimu waliolijua somo wakanyamaza, na watoto wakasoma vitabu vilivyofunika. Huo nao ni ulimi wa pili, ndugu zangu: kuna ulimi usemao uongo, na kuna ulimi unyamazao kwa hofu.

Mambo yalibadilika baada ya Warusi kurusha chombo chao angani mwaka 1957, Wamarekani wakaona wamebaki nyuma katika elimu. Mwaka 1968 mwalimu mmoja wa kike wa jimbo la Arkansas, Susan Epperson, alishinda katika Mahakama Kuu ya Marekani, ikaamuliwa kwamba serikali haiwezi kulikataza somo kwa sababu tu halipatani na dini fulani. Mwaka 1987 mahakama hiyo ikakataa sheria ya Louisiana iliyotaka uumbaji ufundishwe sawasawa na mageuko katika somo la sayansi. Na mwaka 2005 kesi nyingine ya namna hiyo ikaamuliwa huko Dover, jimbo la Pennsylvania. Miaka 80 ilipita tangu Dayton, na watu walikuwa wangali mahakamani.

NA KWETU JE?

Msidhani kwamba habari hii ni ya Wamarekani tu. Mwaka 2006, jumba kuu la makumbusho la Nairobi lilipokuwa likitengenezwa upya, Askofu Boniface Adoyo, aliyeongoza kanisa moja kubwa la mji ule, alipinga namna mifupa ya watu wa kale itakavyoonyeshwa, hasa kwa kuwa watoto wa shule hupelekwa kuitazama. Alitaka isitangazwe kuwa ni habari iliyothibitika ya asili ya mwanadamu. Mtaalamu Richard Leakey akampinga vikali. Jumba likafunguliwa tena mwaka 2008, na mifupa ikaonyeshwa.

Mfupa uliogombewa zaidi ni wa kijana aitwaye Mvulana wa Turkana, aliyekufa yapata miaka milioni moja na nusu iliyopita, angali mtoto. Kipande chake cha kwanza kilionwa mwaka 1984 na Mkenya Kamoya Kimeu, karibu na Nariokotome, magharibi ya Ziwa Turkana. Hakuwa Mzungu aliyekiona kipande kile kidogo katikati ya changarawe; lilikuwa jicho la Mwafrika.

Hapa Tanzania tunalo Korongo la Olduvai. Louis Leakey, aliyelifanya korongo lile lijulikane, alizaliwa mwaka 1903 huko Kabete, Kenya, mtoto wa wamisionari wa Kianglikana, na ujanani alifikiri kuwa mmisionari kama baba yake. Tarehe 17 Julai 1959 mkewe Mary aliona fuvu huko Olduvai, mumewe akiwa mgonjwa kambini. Wakaliita Zinjanthropus, kwa jina la kale la pwani yetu. Mwaka 1978 huko Laetoli, kusini ya Olduvai, watu wa Mary wakapata nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili juu ya majivu ya volkeno, yapata miaka milioni 3.6 iliyopita.

Mtu mmoja ataniuliza: nani aliyekuwapo akaihesabu miaka hiyo? Nami niliuliza vivyo hivyo, mwalimu wa historia akanipeleka kwa mwenzake wa sayansi, akanieleza. Katika majivu ya volkeno mna chembe zenye madini ya potasiamu. Sehemu ndogo ya potasiamu hiyo hugeuka polepole kuwa hewa iitwayo agoni, wala mwendo wake haubadiliki: nusu yake huisha kwa miaka karibu milioni 1,250. Mlima unapotapika moto, agoni ya zamani hutoka kwa ule ukali wa joto. Majivu yakipoa, agoni mpya huanza kujikusanya ndani ya zile chembe, nayo haina pa kutokea. Basi wataalamu hupima agoni iliyomo na potasiamu iliyobaki, wakajua majivu yale yalipoa lini. Hivyo ndivyo mwaka 1961 ilivyotangazwa kwamba Zinjanthropus ana miaka milioni 1.75 hivi.

Wachimbaji wetu hawatashangaa. Ashukaye katika duara kila siku anajua kwamba mwamba una lugha yake, na asiyeisoma hufukiwa. Miamba inayobeba dhahabu ya Geita na Bulyanhulu ni ya kale kuliko mifupa yote niliyoitaja, maana ina zaidi ya miaka milioni 2,500. Tunakula jasho la miamba hiyo. Hatuwezi kuiita mwongo.

MTU HAKUZALIWA NA NYANI

Sasa turudi kwenye ile picha ya ubaoni. Nilipoketi na mwalimu wa historia, nilimkuta ni Mkristu mwenzangu, naye alikuwa na masikitiko yake. Akaniambia, "Mwalimu, watoto wakitoka kwangu wanasema nimewafundisha kwamba babu yao ni nyani. Mimi sikusema hivyo." Lakini picha ilisema.

Darwin na wanaomfuata hawasemi kwamba nyani huyu wa porini, au sokwe huyu wa Gombe, alimzaa mtu. Wanasema kwamba sokwe na mtu wana mzazi mmoja wa kale sana, aliyeishi miaka milioni kadhaa iliyopita, na ambaye hakuwa sokwe wala mtu. Wewe na binamu yako mna babu mmoja. Hakuna mwenye akili atakayesema kwamba umezaliwa na binamu yako. Tena Zinjanthropus mwenyewe, ambaye wengi humwita babu yetu, wataalamu wa leo humweka katika tawi la kando lililokauka, lisilotufikia sisi. Picha ya mstari mmoja hupotosha, maana habari yenyewe ni ya mti wenye matawi mengi.

Na lile la mataifa matano, moja juu ya mengine? Wataalamu wa leo wamelitupa. Mwaka 1871 Darwin alikisia kwamba wazazi wa kwanza wa mwanadamu waliishi Afrika, na mifupa iliyopatikana baadaye imemthibitishia. Wote, Mzungu, Mhindi na Msukuma, ni ukoo mmoja, na kiambo cha kwanza kilikuwa katika bara hili. Katekisimu ilitufundisha zamani kwamba wanadamu wote ni jamaa moja. Jambo hilo kitabu cha Dayton kililikosea, na wamisionari wetu walilisema sawa hata pale ambapo wengine wao hawakulitenda.

KANISA LASEMAJE?

Padre alinikumbusha kwanza Mtakatifu Augustino, Mwafrika mwenzetu, askofu wa Hippo katika nchi iitwayo leo Aljeria. Zaidi ya miaka 1,600 iliyopita aliandika maelezo marefu ya kitabu cha Mwanzo. Humo aliona kwamba siku za uumbaji si lazima ziwe siku kama zetu. Tena aliwaonya Wakristu wasiseme ovyo habari za mbingu na nchi mbele ya wasioamini wazijuao, wakidai kwamba ndivyo Maandiko yasemavyo. Maana msikilizaji akiona wamekosa katika jambo analolijua yeye, atawasadikije katika ufufuko na uzima wa milele? Augustino hakuwa amesikia habari za Darwin, wala Olduvai. Lakini onyo lake lilinifaa mimi nikiwa na kifutio mkononi.

Mwaka 1950 Baba Mtakatifu Pio XII alifundisha kwamba wataalamu hawakatazwi kuchunguza kama mwili wa mtu umetoka katika viumbe vilivyotangulia, maadamu tunashika kwamba roho ya kila mtu huumbwa na Mungu mwenyewe. Alionya pia wasiende mbio kupita ushahidi. Mwaka 1996 Baba Mtakatifu Yohane Paulo II akasema kwamba, kwa yaliyokwisha kupatikana, mafundisho ya mageuko si dhana tupu tena.

Najua wapo ndugu zetu wa madhehebu mengine wazishikao siku sita kuwa siku kamili, na Waislamu nao wana mafundisho yao juu ya Adamu. Watoto wao huketi dawati moja na wetu. Tusiwacheke, wala tusiruhusu watoto wetu wawacheke. Mwenye kushika jambo kwa moyo mnyofu ni bora kuliko mwenye kushika mawili na kusadiki lolote kati yake.

Padre akanipa mfano ambao hapa Segese kila mtu ataufahamu. Mtu akipeleka mawe yake kwenye karasha, yakasagwa na kuoshwa, atajua ana gramu ngapi za dhahabu. Kipimo kikiwa cha haki, hapana ubishi. Lakini mizani haitamwambia kama fedha ile ailipie ada ya mtoto au ailewee. Hilo si kosa la mizani; mizani haikutengenezwa kwa swali hilo. Vivyo hivyo mfupa wa Olduvai waweza kutuambia kiumbe kile kilikufa lini na kilitembeaje. Hauwezi kutuambia kwa nini kuna kitu badala ya utupu, wala kwa nini ni dhambi kumdhulumu mjane. Asiyependa kipimo cha mizani asiivunje, na mwenye mizani asijifanye kuhani.

NINAYOWAOMBA

Walimu wa historia na sayansi, nawaomba msichore tena ule mstari mmoja, choreni mti. Msimdhihaki mtoto anayewaambia habari ya Adamu, maana hamkupewa kazi ya kumvua imani. Mwelezeni mambo yamepatikanaje, mfupa wapi, mwaka gani, umepimwaje, ili ajifunze kupima na si kukariri.

Walimu wa dini wenzangu, tusifute ubao upesi. Tukiogopa swali la mtoto, mtoto hujifunza kwamba Mungu wetu ni wa kuogopewa maswali. Tumweleze kwamba kitabu cha Mwanzo chamfundisha ni nani aliyeumba na kwa nini, na kwamba mtu ana heshima iliyo juu ya dhahabu yote ya Geita.

Wazazi, mtoto akija nyumbani na maneno ya shule yanayowatisha, msimtoe shuleni, wala msimfokee. Muulizeni amefundishwa nini hasa. Mara nyingi mtaona kwamba alichosikia na alichofundishwa ni vitu viwili.

Basi, kijana yule nilimwita tena. Nikamwambia, "Mwanangu, nilikujibu vibaya siku ile mbele ya wenzako. Unisamehe." Kisha nikarudia maneno hayo darasani, maana nilikosa darasani. Nikamwambia kwamba katika historia aandike yaliyopatikana na wataalamu wayasemavyo. Na moyo wake usiporidhika, aandike kwamba ndivyo wasemavyo wao, nao si uongo. Bali akiulizwa ni nani aliyemwumba, jibu ni moja, shuleni na kanisani, kisimani na ndani ya duara, wala halishindani na mfupa wowote.

Akafikiri kitambo, akaniuliza, "Mwalimu, basi Adamu alikuwa wapi katika ule mti?"

Nikamwambia, "Sijui." Mara ya kwanza nilipokosa jibu nilimpa uongo, mara hii nilimpa kweli, ingawa ni ndogo. Akatabasamu. Alibatizwa Pasaka iliyofuata, na lile swali la kwanza alilijibu kwa sauti, bila kuniuliza ni la mtihani gani.

Siku hizi nikiingia darasani na kukuta picha ubaoni, siifuti. Naketi, nawaambia watoto, "Haya, nielezeni kwanza mlichofundishwa." Ndipo tunaanza.

Ni mimi mwalimu wenu wa dini,
Segese.